Ngoma Ikipoa Inarudi Motoni

Kazi yangu ya kwanza kwenye muziki ilikuwa kuokota nyasi kavu.

Nlikuwa na miaka nane hivi, kijijini kwetu nje kidogo ya Newala, na mjomba wangu alikuwa mpiga ngoma anaetafutwa vijiji vinne vitano, yaani msimu wa jando na unyago ukifika watu washavuna basi humpati nyumbani, leo kaitwa huku kesho kule. Sisi wapwa zake tulikuwa tunamfuata nyuma tumejitwika ngoma vichwani. Tukifika kiwanjani, hata maji ya kunywa hatujapewa (na maji kwetu kule juu ni kitu cha kuomba kwa adabu, mama zetu walikuwa wanateremka bondeni alfajiri na kupanda kilima kizima na ndoo moja), mjomba ananyoosha kidole kuelekea vichakani. Hasemi kitu. Tunajua, nyasi.

Kwa asiewahi kuona ntaeleza. Ngozi ya ngoma ikipata umande inalegea, na ikilegea sauti yake inakuwa kama unapiga gunia la korosho, dufu dufu, haiendi popote. Na Uwanda wa Makonde mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi ya kweli, ukungu unatanda mpaka humwoni mtu wa upande wa pili wa kiwanja, kwa hiyo ngoma haziwezi kwenda muda mrefu bila kurudishwa motoni. Moto wenyewe ni wa nyasi. Kuni hapana, mjomba alikuwa hataki kabisa kuziona, joto la kuni linakaa sehemu moja linakausha ngozi mpaka inapasuka, nyasi zinawaka fyaa zinazimika, unaongeza, zinawaka tena. Anaielekeza ngoma uso kwenye moto, anaizungusha taratibu kama mtu anaechoma samaki hataki aungue, anagonga na kidole gumba, anasikiliza. Bado. Anazungusha. Anagonga. Bado. Halafu inafika zamu anagonga na ngozi inalia, ti, na sisi watoto wote tunainua vichwa kwa wakati mmoja kwa sababu na sisi tumeisikia.

Watu wakiniuliza nyimbo ninazozipenda huwa wanasubiri nitaje majina, na majina ntayataja hapa. Ila nimelifikiria sana hili jambo na naona kila wimbo ulionishika mimi kweli kweli, ukiufatilia nyuma unakuta kuna mtu alikaa akaupasha moto kwanza kwa ajili yangu. Ndo maana nimeanzia kwenye nyasi.

Ngoma ya lipiko nimeiona mara nyingi sana maishani ila kuna usiku mmoja haujanitoka. Kwa wageni, lipiko ni yule mchezaji aliefunikwa nguo mwili mzima, kichwani kavaa kinyago cha mti mwepesi, mara sura ya mzee, mara ya mwanamke mwenye ndonya mdomoni, na tulipokuwa wadogo tuliambiwa huyo sio mtu. Tukaamini, tukalala tumejifunika gubigubi. Baada ya jando nikayajua ya kujua na sitayaandika hapa, kuna mambo yanabaki kulekule yalikofundishwa.

Kuna vingoma vidogo tunaviita vinganga, vina mguu uliochongoka unachomekwa ardhini na vinapigwa na fito mbili nyembamba, vyenyewe havinyamazi, vinakwenda tu kama mvua kwenye bati. Juu ya hiyo mvua ndo zinakuja ngoma kubwa zinazosema. Na lipiko hachezi anavotaka yeye, anacheza kile anachoambiwa na ngoma, kila hatua ina mpigo wake na fungu la mapigo likiisha ndo mguu unatua, pa, vumbi linaruka, kina mama wanapiga vigelegele. Sasa usiku huo lipiko kaja mpaka mbele ya mama yangu, ngoma zinampandisha, zinampandisha, mguu umeinuka, watu washafungua midomo tayari kwa kelele, na mjomba hakupiga. Aliinua mikono akaiacha juu. Vinganga vikakata pamoja nae, mpaka leo sijui walipeana ishara gani. Kiwanja kizima kimya, lipiko kasimama na mguu mmoja hewani, kinyago kimemwelekea mama, nyasi zinatatarika motoni, mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake anakohoa. Nlihesabu pumzi zangu tatu. Ndo mjomba akashusha mikono na mguu ukatua hapohapo, sio kabla sio baada, na kelele iliyopigwa pale nliisikia kifuani kabla ya masikioni. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi nikamuuliza, mjomba mbona jana ulinyamaza? Akasema, "Nlikuwa nawasikiliza nyie, mpwa wangu." Hakuongeza neno.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Sindimba yetu imezunguka nchi nzima, imechezwa mashuleni, mahotelini, kwenye mapokezi ya wageni wa serikali, na mimi nafurahi imefika mbali, lakini imefika ikiwa ya dakika tano na watu wakajua ni ngoma ya kiuno basi. Ngoma iliyozaliwa kwenye unyago, ambayo usiku mzima inaenda na nyimbo na mafundisho na wazee wamekaa wanasikiliza nani anaimba nini, ukiikata ukabakisha kiuno umebakisha nini? Nimewahi kubishana na mtu Dar mpaka sauti ikakauka kuhusu hili na ningebishana nae tena leo.

Kwa baba muziki ulikuwa kitu kingine kabisa. Baba hakuwa mtu wa ngoma, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho, mtu wa kalamu sikioni na maneno machache, na alikuwa na redio. Betri zikichoka hazitupwi. Kuzianika ilikuwa kazi yangu, asubuhi nazipanga juu ya jiwe la kuanikia, mchana nazigeuza, jioni nazikusanya zina joto mkononi kama mayai ya kuku aliyetoka kutaga sasa hivi, baba anazitia redioni mwenyewe, moja moja, na hapo tunapata nusu saa, siku nyingine dakika ishirini, kabla sauti haijaanza kuzama. Redio ya kusikiliza huku bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na bendi zilikuwa zinakwenda kurekodi kwenye studio za redio hiyohiyo, santuri zikitaka kuchapwa mpaka Nairobi. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikuwa zinaishi kwenye mikanda ya redio tu. Dukani hazipo. Unazisubiri zikupitie, na zikupitie ndani ya zile dakika ishirini betri ziko hai.

Mtu wa baba alikuwa mmoja, Mbaraka Mwinshehe. Wengine aliwaheshimu, Marijani Rajabu alimpenda kwa hadithi zake, Sikinde walikuwa wakipigwa anatingisha kichwa, ila Mbaraka ni Mbaraka. Kijana wa Morogoro aliepiga gitaa na Morogoro Jazz mpaka wakafika Osaka kule Japan kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kisha 1973 akaanzisha Super Volcano yake. Ikianza "Shida" baba anaacha chochote anachofanya. Na haimbi maneno. Baba yangu, karani wa mizani, mtu ambae hata harusini anakaa pembeni, alikuwa anafatisha gitaa kwa mdomo, ti-ri-ri-ti, kila kona linapokata na yeye anakata, macho kafumba. Mi nakaa chini karibu na miguu yake nasikiliza magitaa mawili, la redioni na la mdomoni, na kwa kweli nlikuwa sijui lipi linamfata mwenzie.

Siku moja nikamuuliza, baba, huyu Mbaraka lini atakuja Newala? Maana bendi zilikuwa zinazunguka mikoani, wakubwa walikuwa wanasimulia bendi zilivokuwa zinakuja mpaka huku kusini msimu wa korosho pesa ikiwa nje nje. Baba akanyamaza kidogo akasema, "Korosho zikirudi atakuja. Ntakupeleka."

Sasa ili uelewe hilo jibu lazima ujue korosho zilikuwa wapi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Kufika 1986/87, ndo huohuo wakati nakaa chini ya miguu ya baba, ilikuwa haifiki tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao mbali ikafungwa na pori, bei ikawa haimpi mtu sababu ya kwenda kuipalilia, na ikaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua, na salfa ya kupulizia ilikuwa bado haijasambaa. Ghala la baba lilikuwa lina mizani na popo. Mi ningejuaje, nlikuwa mtoto, nikaanza kuangalia mikorosho kwa jicho lingine kabisa, kila mwezi wa saba maua yakitoka naangalia kama mwaka huu ndo Mbaraka anakuja.

Niko sekondari ndo mwenzangu wa bwenini, tunabishana nani mkali kwenye gitaa, akaniambia unamsubiri nani wewe, yule mtu alikufa zamani, Januari 1979, ajali ya gari Mombasa. Nlizaliwa 1978. Nikapiga hesabu pale kitandani. Nlikuwa sijaanza hata kutembea vizuri. Miaka yote ile ya betri nlikuwa namsubiri marehemu, na baba anajua, baba mwenye redio pekee mtaani atakosaje kujua. Likizo nikarudi nyumbani nimedhamiria nimuulize, nikamkuta anatengeneza baiskeli, nikashika spana nikamsaidia, sikuuliza. Miaka ikapita.

Katikati hapo nlipata bahati ya kufanya kazi Unguja kidogo na usiku mmoja Ngome Kongwe nikamwona Bi Kidude. Alikuwa mzee hata umri wake watu wanabishania, mwili mdogo kama wa mtoto, na akaletewa ngoma yake ya msondo akafungiwa kiunoni kwa kanga akaitia katikati ya miguu. Mi nliangalia mikono tu. Kabla hajaanza aliigonga kidogo pembeni akasikiliza, kama mjomba vile, nikajikuta nimesimama, watu wa nyuma wananiambia kaa. Alivofariki Aprili 2013 sikukumbuka sauti yake kwanza, nlikumbuka kule kugonga kadogo kwa kusikilizia.

Twende 2012. Nishahamia Mtwara mjini, ndo ile miaka ya moto wa gesi, wageni wamejaa, vyumba vimepanda bei, baa kila kona na kila baa inataka bendi. Baba akaja kwangu kutibiwa macho, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, jicho moja anaona vivuli tu na la pili hata vivuli ni kwa kubahatisha. Jioni ya pili kachoka kukaa ndani, nikamwambia mzee twende upepo ukakupige, nikampeleka Shangani kwenye sehemu moja karibu na bahari, nikamwagizia soda na samaki wa kuchoma nikamchambulia miba. Kulikuwa na bendi ya vijana wa hapahapa wanapiga kopi za zilipendwa. Gitaa la solo, la rizimu, besi, drams, tumba na saksafoni moja. Vijana wadogo, wengine wamezaliwa baada ya RTD kuacha kuwa redio ya nyumba zote.

Wakapiga mbili tatu, baba anakula. Kisha solo likaanza "Shida" na baba akaacha samaki.

Naomba nieleze hapa polepole. Nyimbo zetu za dansi zinaanza chini, waimbaji wanaeleza habari yao, watu wanacheza wawili wawili kwa heshima, halafu mbele huko zinafunguka, gitaa linashika usukani, tumba zinapanda, na hapo wanamuziki wenyewe wanapaita chemko. Chemko, kama maji. Yule kijana wa solo hakuwa Mbaraka ila alikuwa kakaa nae, unasikia kabisa huyu amelala na kanda hizi, na walipoingia kwenye chemko watu wamejaa mbele, mwanamke mmoja wa makamo kamwekea noti kijana kwenye paji la uso, na umeme ukakatika.

Giza zito. Na ujue umeme ukikatika kwenye dansi haufi muziki wote. Saksafoni haina waya, tumba hazina waya, drams hazina waya, mwimbaji ana koo lake. Kinachokufa ni magitaa. Kwa hiyo wimbo ukaendelea ila katikati yake pana shimo, pale alipokuwa Mbaraka pamekuwa patupu, saksafoni inajaribu kupaziba haifiki, na watu wanaanza kuguna wanataka kukaa.

Baba hakuona giza. Kwake lilikuwa lilelile tangu asubuhi. Alichosikia yeye ni gitaa limeondoka, na akalishika. Ti-ri-ri-ti. Kwa mdomo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kashika kona ya meza, kwanza kwa sauti ya chini kama vile chumbani, kisha nadhani akahisi tumba zinamngoja akaongeza. Meza ya jirani wakageuka. Mzee mmoja upande wa pili akalidaka, kumbe na yeye analijua, kona zote, halafu mwingine, halafu yule mwanamke wa noti, na ndani ya muda mfupi baa nzima gizani inaimba gitaa. Sio maneno. Gitaa. Tumba zikarudi juu, yule kijana wa solo nlikuja kumwona simu za watu zilipowaka, kasimama na gitaa lake lililokufa begani, vidole vinatembea kwenye nyuzi vilevile vinamfata baba yangu.

Sijui ilikwenda muda gani. Umeme uliporudi spika zilipiga kelele mbaya, gitaa likarudi, watu wakashangilia, na baba akanyamaza akaulizia samaki wake.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi ndo nikamuuliza. Baba, Mbaraka alikufa nikiwa na mwaka mmoja. Akasema najua, nlisikia redioni. Nikamwambia sasa mbona uliniambia atakuja? Bajaji imepita taa mbili za barabarani hajajibu. Kisha akasema, "Ungeacha kuanika betri."

Baba alifariki miaka mitano baadae, mjomba alishatangulia. Mwaka mzima sikuweza kuisikiliza "Shida". "Kifo" ya Remmy Ongala ndo hata sasa nikiwa peke yangu naizima, ni wimbo mkubwa sana na unajua unakoenda kugusa. Nlirudi kwenye muziki kwa njia nyingine, kwa vijana. Harmonize ni mtoto wa Chitoholi, Tandahimba, na mtu akitaka kuniambia "Aiyola" sio wimbo mzuri aje tukae chini, mimi nlisoma wakati watoto wa kwetu wakifika Dar wanabadilisha lafudhi wasiitwe Mmakonde, wakichekwa "njomba njomba" wanainamisha kichwa, na leo mtoto anajiita Konde mwenyewe mbele ya maelfu ya watu. Hilo nalithamini kuliko tuzo zote.

Mwezi wa sita uliopita nlikuwa Newala. Mtoto wa dada yangu anaingia jandoni, na kwetu jambo la mpwa ni la mjomba, kwa hiyo mjomba sasa ni mimi. Kulikuwa na jenereta na spika mbili kubwa, singeli na Konde Boy mpaka saa nne usiku, watoto wameloa jasho kwenye baridi ile. Kisha vikazimwa, ngoma zikaletwa. Wapigaji vijana, mikono mizuri, wana haraka kidogo. Nlikaa na wazee kwenye mkeka. Saa sita hivi nikasikia ngoma kubwa imeanza kulegea, dufu, dufu, nikamwangalia mpigaji, anaongeza nguvu ili kuficha, ndo kosa lenyewe hilo, ukiipiga ngoma iliyopoa kwa nguvu unaichosha tu. Nikaangalia kwenye moto, pana kisiki cha mkorosho kinafuka moshi.

Nikainuka nikaenda vichakani na tochi ya simu. Nyasi zilikuwa na umande juu ila chini ya mkorosho mkubwa zilikuwa kavu. Nageuka na mzigo wangu nikamkuta nyuma yangu mdogo wake yule mwali, miaka saba au nane, kabeba na yeye zake mikono miwili, hakuna aliemtuma.

Tukasogeza kisiki pembeni. Tukawasha. Yule kijana akaleta ngoma yake bila kuambiwa, akaielekeza, akaanza kuzungusha, na mtoto kachuchumaa karibu yangu nyasi mkononi anasubiri ziishe aongeze. Nikagonga na kidole gumba.

"Tayari, mjomba?"

"Sikiliza mwenyewe."

Akasogeza sikio karibu na ngozi mpaka nikamvuta shati asiungue. Nikagonga tena.

"Bado," akasema, akatupia nyasi.